Samuel Colt: Alifilisika kabla ya miaka 30, akafa tajiri wa bastola

WATU wengi wanaolifahamu jina la Colt wamelisikia kwenye filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani, ambako shujaa huwa na bastola kiunoni na farasi mlangoni. Wachache wanajua kwamba jina hilo ni la mfanyabiashara aliyepata mtaji wake kwa kuwachekesha watu barabarani, akafungua kiwanda, akafilisika, akakaa miaka mitano bila kutengeneza bastola hata moja, kisha akarudi sokoni na kufa akiwa mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi yake.

Biashara aliyoifanya Samuel Colt ni ya silaha, na machungu ya silaha hayafichiki. Hata hivyo, namna alivyopanda, alivyoanguka, na namna alivyoacha mlango wazi kwa washindani wake ni somo kwa mjasiriamali yeyote, awe anatengeneza majembe, anasindika maziwa au anauza mbegu.

Mtoto wa Hartford

Colt alizaliwa Julai 19, 1814 katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, kaskazini mashariki mwa Marekani. Baba yake, Christopher Colt, alikuwa mfanyabiashara ambaye mambo yake yalipanda na kushuka. Mama yake, Sarah, alifariki dunia wakati Samuel hajatimiza miaka saba.

Akiwa na umri wa miaka 11 alipelekwa kwa mkulima wa Glastonbury, jirani na Hartford, akawa anafanya kazi za shamba huku akisoma. Huko alipata kitabu cha maarifa ya sayansi kilichomfungulia mambo ya baruti na habari za wavumbuzi. Baadaye alifanya kazi katika kiwanda cha nguo cha baba yake huko Ware, jimbo la Massachusetts, na alipopelekwa shule mjini Amherst alifanya mchezo wa milipuko uliomfanya aondoke shuleni mwaka 1830.

Baba yake aliona dawa ya kijana huyo ni bahari. Mwaka huohuo Samuel alipanda merikebu iliyoitwa Corvo, iliyokuwa ikielekea Calcutta, India. Inaelezwa kuwa akiwa safarini alitazama jinsi mitambo ya merikebu inavyozunguka na kujifunga mahali pake, ndipo akachonga kwa mbao mfano wa bastola yenye silinda inayozunguka.

Msomaji anayelijua gobole ataelewa kwa nini wazo hilo lilikuwa na thamani. Bunduki za wakati ule zilijazwa baruti kwa mdomo wa mtutu, risasi ikashindiliwa kwa mchi, ikapigwa mara moja, kisha kazi yote ikaanza upya. Mtu aliyetaka kupiga mara sita alilazimika kubeba silaha sita, au kumwomba adui asubiri.

Silinda ya kuzunguka haikuwa jambo jipya kabisa. Mmarekani mwingine, Elisha Collier, alikuwa amepata hataza ya bunduki ya aina hiyo nchini Uingereza mwaka 1818. Alichofanya Colt ni kuunganisha kazi mbili kuwa moja: mtu anapovuta nyundo nyuma kwa kidole gumba, silinda inazunguka yenyewe na kujifunga sawasawa na mtutu. Aidha, alitumia fataki, yaani kikombe kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka ikigongwa, badala ya jiwe la kutoa cheche.

Mtaji wa gesi ya kuchekesha

Aliporudi nyumbani, baba yake alikubali kugharamia silaha mbili za mfano. Moja ililipuka ilipojaribiwa. Fundi alikuwa wa bei rahisi, na kazi yake ikawa ya bei rahisi. Baba akafunga mfuko.

Kijana huyo hakurudi kuomba tena. Alijifunza kutengeneza gesi ya kuchekesha, ile ambayo baadaye ilitumiwa na madaktari wa meno kupunguza maumivu, akazunguka mji hadi mji akijiita daktari na kuwaalika watu walipe kiingilio wavute gesi hiyo na kufanya vituko mbele ya watazamaji. Fedha alizozipata ndizo alizomlipa John Pearson, fundi hodari wa bunduki wa Baltimore, atengeneze mifano iliyofanya kazi. Pearson alilalamika mara kwa mara kwamba malipo yanachelewa.

Akiwa na mifano mizuri mkononi, Colt alifanya jambo ambalo wavumbuzi wengi hulisahau. Alikwenda kwanza kulinda wazo lake. Mwaka 1835 alivuka bahari na kupata hataza Uingereza, kisha Februari 25, 1836 akapata hataza ya Marekani. Mwaka huo huo kampuni yake ya kwanza ilianzishwa mjini Paterson, jimbo la New Jersey, kwa fedha za wanahisa, wakiwamo ndugu zake.

Kiwanda cha kwanza chafa

Bastola ya Paterson ilikuwa na matundu matano. Triga yake, yaani kile kipande kinachovutwa kwa kidole cha shahada, ilikuwa imejikunja ndani ya bastola na kuchomoza tu pale nyundo ilipovutwa nyuma. Wazo lilikuwa la kupendeza, lakini bastola yenyewe ilikuwa na vipande vingi vidogo na dhaifu. Za mwanzo zilimlazimu mtumiaji aitenganishe silaha ili aijaze, jambo gumu kwa mtu aliye juu ya farasi.

Jeshi la Marekani lilizijaribu silaha za Colt mwaka 1837 na kuona zina mambo mengi mno kwa askari wa kawaida. Mwaka huohuo nchi hiyo iliingia katika mtikisiko mkubwa wa fedha, benki zikafunga milango, na wateja wa kawaida wakawa hawana uwezo wa kununua bidhaa ghali.

Mwaka 1838 Colt alisafiri mwenyewe hadi Florida, ambako jeshi lilikuwa likipigana na Waseminole, akafanikiwa kuuza bunduki chache. Kiwandani, binamu yake Dudley Selden, aliyekuwa mtunza fedha, alikuwa akilalamikia fedha zinazotumika kuwakirimu maofisa huko Washington bila oda kuonekana.

Mwaka 1842 kampuni ilifungwa na mali zake zikauzwa. Ilikuwa imetengeneza bastola zisizofika 3,000. Colt alikuwa bado hajafikisha miaka 30, na alichobaki nacho ni hataza yake. Kwa miaka iliyofuata alijishughulisha na mabomu ya chini ya maji yanayolipuliwa kwa umeme, pamoja na nyaya za simu za maandishi zisizoingiza maji. Serikali ilitazama maonyesho ya mabomu hayo lakini haikuyanunua.

Mteja anatoka Texas

Wakati Colt akihangaika mashariki, bastola chache za Paterson zilikuwa zimefika Texas, ambayo kwa miaka hiyo ilikuwa jamhuri inayojitegemea. Serikali yake ilizinunua kwa ajili ya jeshi la majini, na baadaye zikaangukia mikononi mwa askari wapanda farasi waliojulikana kama Texas Rangers, chini ya Kapteni John Coffee Hays.

Askari hao walikuwa wakipigana na Wacomanche, watu waliokuwa wakitetea ardhi yao ya mawindo dhidi ya walowezi. Hadi wakati huo Wacomanche walikuwa na faida kubwa, kwani mpiga upinde juu ya farasi aliweza kurusha mishale mingi wakati mwenye bunduki akihangaika kujaza baruti. Katika mapigano ya Juni 1844, kikosi cha Hays cha watu wapatao 15 kilipambana na kundi la Wacomanche lililokizidi kwa idadi mara kadhaa, na bastola za risasi tano zikageuza mambo. Kwa walowezi ilikuwa habari njema, na kwa Wacomanche ulikuwa mwanzo wa msiba mrefu.

Mmoja wa waliojeruhiwa siku hiyo alikuwa Samuel Walker. Vita ya Marekani na Mexico ilipoanza mwaka 1846, Walker, sasa akiwa kapteni wa jeshi, aliwasiliana na Colt. Hakuja kusifia tu. Alikuja na orodha ya marekebisho: bastola iwe kubwa zaidi, iwe na risasi sita badala ya tano, ijazwe bila kutenganishwa, triga iwe wazi na yenye kilinzi chake, na nguvu yake imwangushe mtu au farasi.

Colt aliyakubali yote. Januari 1847 serikali ilitoa oda ya bastola 1,000. Tatizo ni kwamba hakuwa na kiwanda. Alikwenda kwa Eli Whitney mdogo, mwenye kiwanda cha bunduki karibu na New Haven. Huyo alikuwa mtoto wa yule Whitney aliyevumbua mashine ya kuchambua pamba ambayo wakulima wa zao hilo wanaifahamu. Wakatengeneza kwa pamoja oda hiyo, pamoja na nyingine 100 za kuwauzia raia.

Nguvu iliyozidi chuma

Bastola hiyo iliyopewa jina la Walker ilikuwa na uzito wa kilo mbili, mtutu wa inchi tisa na risasi za kipenyo cha milimita 11 hivi. Kila tundu la silinda liliweza kubeba karibu gramu nne za baruti, kiasi kinachokaribia cha bunduki nyepesi. Kwa miaka mingi hakukuwa na bastola ya kiwandani iliyotajwa kuizidi kwa nguvu.

Lakini nguvu ina gharama yake. Chuma cha wakati ule hakikuwa na ubora wa kutegemewa, na silinda kadhaa zilipasuka mikononi mwa askari, hasa zilipojazwa kupita kiasi au risasi ilipopachikwa kinyume. Fimbo ya kushindilia iliyokuwa chini ya mtutu ilikuwa ikidondoka kwa mtikisiko wa mlio na kuzuia silinda isizunguke, hivyo askari wakawa wanaifunga kwa ukanda wa ngozi. Walker mwenyewe alipata bastola zake mbili mwaka 1847, na Oktoba 9 ya mwaka huo aliuawa katika mapigano ya Huamantla, Mexico.

Hapa ndipo tabia ya Colt ya kibiashara ilipoonekana. Hakuitetea bastola iliyopasuka. Faida ya oda ile na mashine alizozipata alizipeleka Hartford kuanzisha kiwanda chake mwenyewe, na mwaka 1848 akatoa bastola iliyoitwa Dragoon. Alifupisha silinda ili ibebe baruti pungufu, kiasi cha gramu tatu na kidogo, na kuweka kishikizo imara cha fimbo ya kushindilia. Kwa karatasi ilikuwa na nguvu ndogo kuliko Walker, lakini mnunuzi alikuwa na uhakika kwamba itabaki nzima.

Mwaka 1851 alikwenda mbali zaidi na kutoa bastola iliyoitwa Navy. Risasi yake ilikuwa nyembamba na uzito wake ulikuwa kilo moja na robo hivi. Ilibebeka kiunoni mchana kutwa, ikalenga vizuri, na ikauzwa kwa wingi kuliko ndugu zake wazito. Soko lilikuwa limempa jibu ambalo halimo katika vipimo vya baruti: nguvu anayoinunua mteja ni ile anayoweza kuibeba na kuimudu.

Ushindani wa triga London

Mwaka 1851 Colt alipeleka bastola zake katika Maonyesho Makubwa ya London, akafungua na kiwanda kando ya mto Thames mwaka 1853. Waingereza walishangazwa na mashine zake kuliko hata bastola. Msimamizi wake, Elisha Root, ambaye Colt alimchukua mwaka 1849 kwa mshahara mnono, alikuwa amepanga mamia ya mashine, kila moja ikifanya kazi moja tu, kiasi kwamba vipande vya bastola moja vilikaribia kuingia kwenye nyingine kwa kupigwa tupa kidogo tu.

London ndiko alikokutana na mpinzani wa kweli. Robert Adams alikuwa ametengeneza bastola ambayo fremu yake na mtutu vilikuwa kipande kimoja, wakati ya Colt ilikuwa wazi kwa juu na mtutu wake ukishikwa na kabari. Kwa uimara wa umbo, Adams alikuwa mbele.

Tofauti kubwa zaidi ilikuwa kwenye triga. Kwa bastola ya Colt, mpigaji alivuta kwanza nyundo kwa kidole gumba, kisha triga ikawa nyepesi na ya mvuto mfupi. Hali hiyo ilisaidia kulenga shabaha ya mbali. Kwa bastola ya Adams, kuvuta triga pekee kulizungusha silinda, kukainua nyundo na kuiachia. Mvuto wake ulikuwa mrefu na mzito, shabaha ikayumba, lakini kwa adui aliye hatua tatu mbele kasi ilikuwa na maana kuliko shabaha.

Kila upande ulikuwa na hoja. Colt alishikilia kwamba njia yake ni bora, huku maofisa wa Uingereza waliopigana vita ya Crimea wakipendelea kasi. Mwaka 1856 likatoka jibu la tatu: bastola ya Adams iliyorekebishwa kwa ubunifu wa ofisa aliyeitwa Beaumont, ambayo mtumiaji aliweza kuchagua kuvuta nyundo kwanza au kuvuta triga moja kwa moja. Jeshi la Uingereza liliichukua, na Colt akafunga kiwanda chake cha London.

Mierebi ya kuzuia mafuriko

Nyumbani Hartford mambo yalikuwa tofauti. Colt alinunua ardhi ya bondeni kando ya mto Connecticut, ardhi ambayo wengine waliidharau kwa sababu mto ulifurika karibu kila masika. Alijenga tuta lenye urefu wa kilometa tatu hivi kuukinga, na mwaka 1855 kiwanda kipya kikafunguliwa nyuma ya tuta hilo, kikiwa na kuba la buluu lililoonekana kutoka mbali.

Ili udongo wa tuta usimomonyoke, aliagiza kutoka Ulaya na kupanda mierebi, miti inayopenda maji na ambayo mizizi yake hushika udongo. Miti hiyo ilistawi kupita matarajio, ikawa na fimbo laini nyingi zilizohitaji kukatwa. Badala ya kuzitupa, Colt alileta familia za wasusi kutoka Potsdam, Ujerumani, akawajengea nyumba na kufungua karakana ya viti na vikapu vya kusuka. Kazi ya kulinda ardhi ikazaa bidhaa ya pili.

Kuzunguka kiwanda alijenga nyumba za wafanyakazi na ukumbi wa kusomea na burudani, na siku ya kazi ikawekwa kuwa ya saa 10 wakati viwanda vingi vilikuwa na saa nyingi zaidi. Juni 1856 alimwoa Elizabeth Jarvis, binti wa mchungaji.

Mlango aliouacha wazi

Wakati wote huo, hataza ya mwaka 1836 ilikuwa ukuta wake. Mwaka 1849 aliongezewa muda, na mwaka 1851 aliishinda mahakamani kampuni ya Massachusetts Arms iliyotengeneza bastola kwa kuiga utaratibu wake. Nchini Marekani hakuna aliyeweza kumsumbua hadi ukuta huo ulipofika ukomo wake mwaka 1857.

Nyuma ya ukuta huo yalikuwa yakitokea mambo. Rollin White, fundi aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha Colt, alipata hataza Aprili 3, 1855 ya silinda iliyotobolewa kutoka mbele hadi nyuma. Tundu la namna hiyo liliruhusu risasi kamili, yenye ganda, baruti na fataki kwa pamoja, kupachikwa kwa nyuma mara moja, bila kumimina baruti wala kushindilia.

Hataza hiyo haikuishia mikononi mwa Colt, ambaye aliendelea kuiamini bastola ya baruti na fataki. Waliokwenda kwa White ni Horace Smith na Daniel Wesson. Mwaka 1856 walikubaliana kumlipa senti 25 kwa kila bastola, na mwaka uliofuata, hataza ya Colt ilipokwisha, wakatoa bastola yao ya kwanza. Ilikuwa ndogo na dhaifu sana ukiilinganisha na Navy. Lakini ilijazwa kwa sekunde chache, na mvua haikuweza kulowesha baruti yake.

White naye hakufaidi sana. Mkataba ulimtaka yeye mwenyewe agharamie kesi za kuilinda hataza, na mawakili walikula sehemu kubwa ya alichopata.

Mwaka 1860 Colt alitoa kazi yake ya mwisho kubwa, bastola iliyoitwa Army. Kwa kutumia chuma bora zaidi, aliweza kupiga risasi nene kama ya Dragoon kwa silaha yenye uzito wa kilo moja na robo hivi, wakati Dragoon ilikaribia kilo mbili. Ndani ya miaka 12 chuma kilikuwa kimekua kiasi hicho.

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipokuwa ikinukia, kampuni yake iliendelea kuuza silaha katika majimbo ya kusini yaliyokuwa yakitetea utumwa, hadi Aprili 1861 mapigano yalipoanza. Magazeti ya kaskazini yalimshutumu vikali. Tangu hapo alihudumia jeshi la kaskazini, ambalo katika vita hiyo lilinunua zaidi ya bastola 100,000 za Army. Kuuza kwa kila mwenye fedha kulimpa utajiri, na ndiyo doa lililobaki katika jina lake.

Kifo na kilichofuata

Samuel Colt alifariki dunia mjini Hartford Januari 10, 1862, akiwa na umri wa miaka 47, baada ya kusumbuliwa na jongo kwa muda mrefu. Kampuni yake ilikuwa imetengeneza zaidi ya silaha 400,000, na mali aliyoiacha ilikadiriwa kufikia dola milioni 15 za wakati huo.

Mjane wake, Elizabeth, alirithi umiliki. Februari 1864 moto uliteketeza sehemu kubwa ya kiwanda, naye akaamua kukijenga upya. Aliishikilia kampuni hiyo hadi alipoiuza mwaka 1901.

Hata hivyo, pengo lililoachwa na hataza ya White liliigharimu kampuni. Hadi hataza hiyo ilipokwisha mwaka 1869, Colt haikuweza kutengeneza bastola ya risasi za ganda kwa njia hiyo iliyo rahisi, huku Smith na Wesson wakiuza peke yao. Ni mwaka 1873 tu ndipo ilipotoa bastola yake maarufu ya risasi sita iliyopokewa na jeshi la Marekani, ile inayoonekana katika filamu.

Washindani hao walirudi tena mbele mwaka 1935, Smith & Wesson ilipotoa bastola ya kwanza ya magnum, jina lililoazimwa kutoka kwenye chupa kubwa ya mvinyo. Magnum hiyo ya .357 ndiyo inayotajwa kuwa imeivua Walker ya mwaka 1847 taji la nguvu. Mwishoni mwa 1955 wakaongeza .44 Magnum, yenye nguvu zaidi na teke kali zaidi, wakati Colt mwaka huo ikijibu kwa bastola ya .357 iliyoitwa Python, iliyosifiwa kwa triga laini.

Ukizitazama magnum hizo utaona kesi za zamani zikiwa zimeamuliwa. Chuma kinachookwa kitaalamu kilitatua tatizo la Walker. Ganda la .357 lilifanywa refu kidogo kuliko lile la .38 lililotangulia, ili lisiingie katika bastola dhaifu na kuipasua. Fremu imefungwa juu kama alivyotaka Adams, na triga inampa mtumiaji njia zote mbili, ya Colt na ya Adams. Silinda imetobolewa hadi nyuma kama ya White.

Kwa maneno mengine, bastola iliyoshinda ilichukua kitu kwa kila mmoja, akiwamo yule aliyedhani amemaliza mjadala. Colt alipomsikiliza Walker, mteja aliyekuja na malalamiko, alitoka kwenye kufilisika hadi kwenye utajiri. Alipoacha wazo la fundi aliyepita katika karakana yake lichukuliwe na wengine, aliipa nafasi kampuni ambayo ingeshindana na yake kwa zaidi ya karne moja.

Kampuni ya Colt iliomba kinga ya kufilisika mwaka 2015, na mwaka 2021 ikanunuliwa na kundi la makampuni kutoka Jamhuri ya Czech. Tuta la Hartford na jengo lenye kuba la buluu vimebaki, na eneo hilo lilitengwa kisheria kuwa hifadhi ya taifa ya kihistoria mwaka 2014.